Pateni ya Zamani: Upime Mwili Kabla ya Kukata

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa katika Kenya mwaka 1952, kushona kulikuwa miongoni mwa kazi zilizofundishwa katika vikundi vyake. Kwa hiyo si ajabu leo mama wa Magunga, katika nchi ya Gwassi, Kaunti ya Homa Bay, akifungua sanduku la nyanya yake, kukuta bahasha kuukuu yenye picha ya gauni, na ndani yake karatasi nyembamba zilizokunjwa. Hizo ndizo pateni, yaani karatasi za kukatia nguo. Gauni la pichani laweza kushonwa hata sasa. Lakini iko hatari moja iharibuyo vitambaa vya watu, nayo ni kuiamini namba iliyoandikwa juu ya bahasha.

Pateni za karatasi zenye vipimo mbalimbali zilianza kuuzwa mwaka 1863 na Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa Massachusetts, Marekani. Tangu hapo namba zimebadilika. Pateni ya Kimarekani ya namba 12 iliyochapwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa ya kifua cha inchi 32. Mwishoni mwa miaka hiyo namba ile ile ikawa ya inchi 34. Tena namba za pateni si sawa na namba za nguo za dukani wala za mitumba. Basi mwenye kukata kwa namba tu aweza kupata gauni lisilofungika, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Majuto ni mjukuu.

Yafaa kufuata taratibu hii:

1. Pima kifua, kiuno, nyonga, na urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni. Linganisha na vipimo vilivyoandikwa kwenye bahasha. Inchi moja ni sentimita 2.54.

2. Usikate karatasi ya asili. Inakili juu ya gazeti, pamoja na alama zake zote. Pateni za kale zaidi hazina maandishi, ila matundu. Hayo nayo ni alama, usiyapuuze.

3. Rekebisha nakala. Mathalani, kifua chako ni inchi 36 na pateni ni ya inchi 34. Tofauti ni inchi 2. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili. Jumla kingo nne. Kwa hiyo ongeza nusu inchi kwa kila ukingo, na mikono uipanue vile vile. Tofauti ikizidi hapo, usiongeze ubavuni peke yake, maana mabega na makwapa yataharibika. Tafuta shauri la fundi.

4. Tazama kama nafasi ya mshono imo. Pateni nyingi za Kimarekani zinayo, lakini nyingi za magazeti ya Ulaya hazina.

5. Jaribu kwanza kwa shuka kuukuu au kwa amerikani. Piga bandi kwa mkono, vaa, inama, inua mikono, kisha sahihisha nakala yako.

6. Unaponunua kitambaa, kumbuka kwamba yadi ni sentimita 91 na kidogo. Pateni itakayo yadi 4 yahitaji mita 3 na sentimita 66. Angalia pia upana, kwa kuwa vitambaa vingi vya zamani vilikuwa vyembamba kuliko vya leo.

7. Kitambaa cha pamba kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, kisije kikarudi baadaye. Mshale ulio katika pateni ulale sambamba na ukingo wa kitambaa, la sivyo gauni litapinda mwilini.

Kazi ya kupima na kujaribu yaweza kuchukua jioni nzima, lakini ni jioni moja tu. Nakala iliyokwisha sahihishwa iandikwe jina na tarehe, ihifadhiwe pakavu, na gauni la pili litakatwa bila wasiwasi.