Kabla Tangazo la Kazi Halijatoka



Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kutekeleza miradi yake. Hapa kwetu Tanzania pigo liliwafikia mapema watumishi wa miradi ya afya, hasa ile ya UKIMWI. Baadhi yao ni waamini wenzetu, watu waliokuwa wakitoa zaka bila kukumbushwa. Sasa wamesimama kwenye foleni ileile ya vijana waliohitimu vyuo na hawajawahi kuajiriwa. Tunawaandikia wote hao, na tunajiandikia sisi mafrateri pia, kwa sababu si kila anayeanza falsafa hufika kwenye upadre, na anayetoka seminari hutafuta kazi kama mtu mwingine yeyote.

Tukikaa na ndugu zetu wanaotafuta ajira, tunasikia habari za nafasi chache na za kujuana. Zipo za kweli. Lakini wapo wanaokwama mahali pasipohusiana na uwezo wao wala na kujuana, yaani kwenye karatasi zao. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupokelewa kwa mtandao kupitia mfumo wake wa Ajira Portal. Tangazo mara nyingi hukaa wazi wiki mbili hivi. Wiki mbili zinatosha kuandika barua nzuri, ila hazitoshi kurekebisha jina.

Na jina ndilo linalotesa wengi. Mtoto alibatizwa Yohana. Mwalimu wa darasa la kwanza akamwandika John. Kwenye cheti cha kidato cha nne likaingia jina la babu mahali pa jina la baba, na siku ya kujiandikisha NIDA akataja majina mawili tu kati ya matatu. Nyumbani wote wanajua ni mtu mmoja. Msimamizi wa usaili hawezi kujua hivyo. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana katika nyaraka zake aje na hati ya kisheria ya jina, ile inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ina gharama na ina safari zake. Basi leo, kabla ya tangazo lolote, tandika mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo na kitambulisho cha taifa, uvisome herufi kwa herufi.

Asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa aanzie RITA. Kwa mtu mzima ambaye kizazi chake hakikuandikishwa kwa wakati, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya nyaraka zinazopokelewa kuunga mkono maombi yake. Ndiyo maana daftari la ubatizo lililoliwa na mchwa si hasara ya Kanisa peke yake. Hata hivyo daftari hilo haliguswi ili lilingane na cheti cha shule. Anayekwenda kumwomba katibu wa parokia "afute tu herufi moja" anamwomba mwenzake aghushi.

Siku ya usaili vinatakiwa vyeti halisi. Hati ya matokeo au matokeo ya muda hayakubaliwi. Hapa kuna jambo linalotuuma. Wapo waliohitimu ambao cheti kimebaki chuoni kwa sababu ya deni la ada, na wakati mwingine deni lenyewe ni dogo kuliko mchango wa sendofu moja. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinajua kuchangisha kwa ajili ya harusi na misiba. Hatuoni sababu ya kutochangisha ili cheti kitoke chuoni, mradi mwenye shida athubutu kusema, na wanaomsikia wasimgeuze kuwa habari ya mtaa.

Kila msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi, kwa hiyo fedha ya safari iwekwe kando mapema, hata kidogo kidogo. Usaili huanza na mchujo wa kuandika, baadhi ya kada zina usaili wa vitendo, kisha ni mahojiano. Hata walimu, ambao zamani walipangiwa vituo bila kusailiwa, siku hizi hupita njia hiyo. Aliyefaulu lakini nafasi zikaisha huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kazi baadaye, kwa hiyo usiitupe laini ya simu uliyoiandika kwenye maombi.

Aliyepunguzwa kazini ana maandalizi mengine, na yanaanza kabla hajaondoka ofisini. Adai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kiinua mgongo cha mshahara usiopungua wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10, akiwa amekamilisha angalau miezi 12 ya kazi. Mwanachama wa NSSF aliyechangia angalau miezi 18 ana fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati. Soma basi kila karatasi unayopewa kusaini siku ya mwisho, usije ukajikuta umeandika kwamba umejiuzulu. Mwenye kulalamikia kuachishwa kwake afike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Darasani tunasoma kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliiweka kuona mbele kuwa sehemu kuu ya busara. Tulidhani ni mada ya mtihani, mpaka tulipoanza kuona vyeti vya watu. Na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Tunalitaja hili kwa sababu mtu akikaa nyumbani miezi minane huanza kujikwepesha: haji jumuiya, hakai na wanakwaya wenzake. Huko ndiko anakokosa habari za nafasi, na huko ndiko waliko wadhamini wake.

Maombi huhitaji wadhamini watatu, na waamini wengi humwandika paroko. Padre mwenye maelfu ya waamini hawezi kumshuhudia asiyemfahamu. Mweka hazina wa VIWAWA aliyetunza fedha za vijana na hesabu ikatimia anaye wa kumsemea, na barua ya mistari mitano inayotaja jambo hilo moja inapita ukurasa mzima wa sifa. Anayedai fedha ili "akuunganishe" hana nafasi ya kutoa. Kuomba kazi Serikalini ni bure, na rushwa ni dhambi hata ikifanikiwa.

Kwa anayehitaji cheti cha ubatizo: daftari hukaa katika parokia ulikobatizwa, si unakosali sasa. Fika ofisini ukiwa na mwaka wa ubatizo, majina ya wazazi na la msimamizi. Kama ulibatizwa mbali, mwombe paroko au katibu wa unakosali akuandikie barua kwenda huko, na uiombe wiki hii, maana majibu huchukua muda.