Java Katika Kompyuta za Kambini: Tuchague kwa Makini

Askari hapokei bunduki asiyoikagua. Mbona basi kompyuta inayotunza hesabu za bohari, au kumbukumbu za kituo cha polisi, ipewe programu iliyookotwa popote? Hilo ndilo tunalotaka kuwaeleza ndugu zetu askari na polisi.

Programu nyingi za ofisini zimeandikwa kwa lugha ya Java, iliyotolewa kwa umma na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995. Programu ya namna hiyo kwa kawaida haiendi peke yake; yahitaji programu nyingine ya kuiendesha, isimame baina yake na kompyuta. Mwaka 2006 Sun ilianza kuifanya Java kuwa programu huria. Ndipo ikapatikana OpenJDK, ambayo kila mtu aweza kuichukua bila malipo na kuchunguza jinsi ilivyoundwa.

Mwenye mfumo huria wa Debian asikimbilie toleo jipya kwa sababu ya upya wake. Kwanza aulize: programu yetu iliandikiwa toleo lipi? Yako matoleo yanayotunzwa kwa miaka mingi, kama vile la 11, la 17 na la 21. Pili aulize: kompyuta hii ni ya kuundia programu, au ni ya kuziendesha tu? Ikiwa ni ya kuendesha tu, haina haja ya kubebeshwa vifaa vya fundi.

Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, ina toleo la 17 katika ghala lake. Kwa mashine isiyohitaji madirisha wala picha, msimamizi huandika amri hii:

apt install openjdk-17-jre-headless

Mfumo huhakiki sahihi ya ghala kabla ya kupokea mzigo. Kisha ataandika java -version ili aone kilichowekwa. Yakiwapo matoleo mawili, amri ya update-alternatives --config java humwezesha kuchagua litakalotangulia.

Lakini kazi haijaisha hapo. Desemba 2021 Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilishambuliwa kupitia kasoro ya Log4j, nayo ikalazimika kuzitenga sehemu za mtandao wake zilizoguswa. Log4j si sehemu ya Java yenyewe. Ni kifaa ambacho waandishi wa programu hukiambatisha. Kwa hiyo, kuirekebisha Java peke yake kusingewaokoa. Yafaa kila ofisi iwe na orodha ya programu zake pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, na apt update pamoja na apt upgrade ziwe zamu ya kudumu, kama zamu ya lindo.

Adui hachagui mlango mkubwa. Huingia kwa ule uliosahauliwa. Tusiusahau.