Kituo Kimekufa, Mapipa Yanauza

Mzee alizamisha mpira ndani ya pipa, akavuta kwa mdomo mara moja, akatema pembeni, kisha akaiacha petroli ishuke yenyewe kwenye dumu la lita 20. Dumu lilipojaa alilipandisha begani na kuanza kumimina taratibu kwenye tangi letu, kupitia faneli aliyoitandika kitambaa cha kuchujia mchanga. Halikudondoka tone. Ubavuni mwa pipa kulikuwa na mistari ya chaki, mingine imekatwa, mingine mizima. Nikadhani ni hesabu ya wadeni wake.

Ng'ambo ya barabara kilisimama kituo cha mafuta. Paa lake bado lilikuwa juu ya nguzo, lakini pampu zilishang'olewa na upepo ulikuwa ukipitisha vumbi pale magari yalipotakiwa kusimama. Tulikuwa Cataviña, kijiji kidogo katikati ya jangwa la rasi ya Baja California, nchini Meksiko. Kutoka mji wa El Rosario hadi karibu na Guerrero Negro ni zaidi ya kilomita 300, na katikati yake msafiri anategemea mapipa kama yale.

Kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Nimekagua visima, zahanati na masoko katika mikoa kadhaa ya Tanzania, na nimeandika ripoti nyingi zenye neno "uendelevu". Sijawahi kuliona neno hilo likielezwa waziwazi kama siku ile. Upande mmoja wa barabara palikuwa na mradi uliozinduliwa. Upande wa pili palikuwa na huduma inayotolewa.

Safari yenyewe ilianzia mezani, jikoni kwa dada yangu San Diego, karibu na mpaka wa Tijuana. Mume wake alikuwa ameiota miaka mingi: kushuka rasi nzima kwa gari-nyumba, yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, tukilala ufukweni kila tulipopenda. Kutoka Tijuana hadi Cabo San Lucas ni kilomita 1,711. Alikuwa ameandaa jedwali lenye tarehe, kilomita, mafuta, maji na mahali pa kulala. Akanisogezea karatasi. "Shemeji, wewe ndiye mtu wa mipango. Ipitie hii."

Niliipitia kama ninavyopitia andiko la mradi, nikitafuta mambo ambayo mwandishi ameyachukulia kuwa yatakuwepo bila kuuliza. Lililoanguka kwanza lilikuwa la kwanza kabisa kwenye karatasi. Kampuni tuliyotaka kukodi gari ilisema mkataba wake hauruhusu gari kuvuka mpaka. Rafiki wa familia akatuazima lake, la zamani, la urefu wa mita saba hivi. La pili lilikuwa bima, kwani bima ya dhima ya Marekani haitambuliki Meksiko, kwa hiyo tukanunua ya huko. Kibali cha kuingiza gari kwa muda hatukukihitaji, maana ndani ya rasi hakidaiwi kama kinavyodaiwa ukivuka kwenda bara. Jedwali likarekebishwa, tukaondoka tukiwa na matumaini.

Jedwali lilisema kilomita 90 kwa saa. Barabara ikasema 60, na mahali pengine 40. Sehemu nyingi ni nyembamba na hazina mabega, kiasi kwamba mkikutana na lori vioo vya pembeni vinakaribia kugusana. Kila kijiji kina matuta. Kila bonde lina drifti, yaani barabara inashuka hadi sakafu ya mto mkavu ili mvua ikinyesha maji yapite juu yake. Jua likizama, ng'ombe hulala kwenye lami kwa sababu ya joto lake, kwa hiyo hakuna anayeijua njia hiyo ambaye husafiri usiku. Madereva wa malori wana lugha yao pia. Taa ya kushoto ikiwaka maana yake ni "pita, mbele kweupe", au ni "nakata kushoto", na ni juu yako kutambua ipi ni ipi. Hayo hayakuwemo kwenye jedwali. Siku ya tatu tulifuta vituo viwili.

Ni vyema kukumbuka kwamba barabara hii nayo ilikuwa mpango. Kabla yake kulikuwa na njia ya mawe na vumbi iliyovunja magari, hata mwaka 1967 watu wakaifanya uwanja wa mbio za magari za masafa marefu. Serikali ya Rais Luis Echeverría ikaikamilisha lami na kuifungua Desemba 1973. Kwenye mstari wa latitudo 28, hapo Guerrero Negro, ukajengwa mnara mrefu wa chuma wenye umbo la tai kuadhimisha kazi hiyo. Mwaka uliofuata, nusu ya kusini ya rasi ikapandishwa hadhi kutoka eneo la shirikisho kuwa jimbo kamili la Baja California Sur. Barabara ilikuwa imeiunganisha na taifa lake.

Pamoja na lami, serikali ilipanga vituo vya wasafiri jangwani: mafuta, hoteli na uwanja wa magari-nyumba wenye mabomba ya maji na nyaya za umeme. Vilijengwa Cataviña, San Ignacio, na kwenye njia panda ya Bahía de los Ángeles. Leo barabara iko hai, inabeba nyanya na stroberi za San Quintín, mabasi, samaki na wagonjwa. Hoteli ya Cataviña ilibadili jina na mikono, ikaishi. Lakini viwanja vingi vya magari-nyumba vimebaki saruji iliyopasuka, na ndani ya nyufa imeota miiba. Tulitembea ndani ya kimojawapo jioni. Vijiti vya mabomba vilikuwa vimepangwa kwa mstari ulionyooka, kila kimoja na namba yake, na hakuna hata kimoja kilichotoa maji.

Kwa nini barabara ikaishi na viwanja vikafa, ilhali vilichorwa kwenye mpango mmoja? Barabara inatumiwa na wenyeji kila siku ya mwaka, na ikikatika wanalia wote kwa sauti moja. Uwanja ulimtegemea mgeni anayekuja miezi ya baridi, katika sehemu isiyofikiwa na gridi ya umeme, ambako umeme unatoka kwenye jenereta na mafuta ya jenereta hiyo yanaletwa kwa lori kutoka mbali. Fedha za kujenga zilikuwepo. Mtu wa kuamka kila asubuhi kuziba bomba linalovuja, akijua kwamba lisipozibwa watoto wake hawatakula, hakuwepo.

Kusini zaidi tulikata kulia kuelekea Bahari ya Pasifiki, kwenye kijiji cha wavuvi cha Santa Rosalillita. Hapo palitakiwa kuwa lango la mpango mkubwa kuliko wote. Mwaka 2001 serikali ya Rais Vicente Fox, kupitia mfuko wa taifa wa utalii, FONATUR, ilitangaza Escalera Náutica, Ngazi ya Majini. Pwani zote mbili za rasi na ng'ambo yake zingewekewa mnyororo wa bandari za mashua za kifahari, zilizoachana kwa mwendo ambao mashua ingeumudu. Wenye mashua kutoka California wangeshuka ngazi kwa ngazi. Na ili wasizunguke ncha nzima ya kusini, mashua zingepandishwa kwenye matrela Santa Rosalillita na kuvushwa nchi kavu, kilomita 130 hivi, hadi Bahía de los Ángeles.

Kuta za kuzuia mawimbi zilijengwa, na nimezikanyaga. Lakini pwani ile ina mkondo unaosukuma mchanga kandokando ya ufuko mchana na usiku, na mchanga ukikuta ukuta unatua. Bandari ikajaa. Wachambuzi huru walionya mapema kwamba hesabu ya mashua zitakazokuja ilikuwa imekuzwa mno. Mradi ukabadilishwa jina, bandari chache zikajengwa kwingineko, na matrela ya kuvusha mashua hayakuja. Mwaka 2007 Bahía de los Ángeles yenyewe ikatangazwa hifadhi ya viumbe.

Asubuhi ile Santa Rosalillita niliwaona wavuvi wakirudi. Hawakuingia bandarini. Walilenga ufuko wazi, wakasubiri wimbi, wakapanda nalo hadi mchangani, na gari kuukuu la mwenzao likaivuta mashua juu kwa kamba. Watu hao wanajua mchanga unakotoka na unakokwenda. Sijui vikao vingapi vilifanyika kabla ya ukuta ule kujengwa, lakini nilitamani kila mhandisi angekaa nao pale siku saba tu.

Rasi hii pia imewahi kukataa. Wangwa wa San Ignacio, ambako nyangumi wa kijivu huja kuzaa kila msimu wa baridi, ulipangiwa kiwanda kikubwa cha chumvi cha ubia kati ya serikali na kampuni ya Mitsubishi. Baada ya miaka ya upinzani, Rais Ernesto Zedillo aliufuta mpango huo Machi 2000. Leo wavuvi wa wangwa ule hupeleka wageni kwa mashua ndogo kuwaona nyangumi, na msimu ukiisha wanarudi kwenye nyavu.

Mfano ninaoubeba moyoni zaidi uko Cabo Pulmo, karibu na ncha ya kusini. Miaka ya 1980 matumbawe ya hapo yalikuwa yamevuliwa hadi yakachoka. Familia za wavuvi wa kijiji, zikisaidiana na watafiti wa chuo kikuu cha La Paz, ziliomba bahari yao ilindwe, na mwaka 1995 ikatangazwa hifadhi ya taifa. Sheria ilikataza uvuvi kwenye sehemu tu ya eneo hilo, lakini wanakijiji wenyewe waliamua kuacha kuvua. Kati ya 1999 na 2009 watafiti walipima uzito wa samaki waliomo na kukuta umeongezeka kwa asilimia 463. Ulipokuja mpango wa jiji la kitalii la Cabo Cortés, lenye maelfu ya vyumba jirani na matumbawe hayo, walikuwa na kitu cha kutetea na sababu ya kukitetea. Rais Felipe Calderón aliufuta mwaka 2012.

Haingekuwa haki kuhitimisha kwamba mipango ya serikali ni mibaya na ya wenyeji ni mizuri. Mzee wa Cataviña asingepata mteja hata mmoja bila barabara ya 1973, na hakuna kijiji kinachoweza kujenga barabara ya kilomita 1,711. Petroli yake ni ghali kuliko ya mjini, na kipimo chake ni uaminifu wake. Kinachonigusa ni kwamba mpango mkubwa huandikwa na watu watakaoondoka, kisha unaachwa mikononi mwa watu ambao hawakuulizwa. Utepe unapokatwa ndipo kazi inapoanza, na siku hiyo bajeti nyingi zinafika ukingoni.

Nyumbani nimeliona hilo mara nyingi. Kisima kinachimbwa, pampu inafungwa, picha zinapigwa. Palipo na jumuiya ya watumia maji inayokusanya senti kwa ndoo, inayomjua fundi kwa jina na kuwa na vipuri kabatini, maji hutoka mwaka wa kumi. Pasipo na jumuiya hiyo pampu hufa kwa kukosa kifaa cha bei ndogo kuliko posho ya kikao kimoja.

Usiku wetu mzuri kuliko yote tuliupata Bahía Concepción, kwenye ufuko wa El Requesón, ambako maji yakitoka ulimi wa mchanga unaunganisha ufuko na kisiwa kidogo. Hakuna bomba, hakuna umeme. Kuna vibanda vya makuti, vyoo vya shimo, na kijana aliyekuja magharibi kukusanya ada ya kulala akiwa na daftari. Kabla ya kupokea fedha alituonyesha jinsi upepo wa usiku unavyogeuka, akatuambia tusogeze gari. Tulisogeza. Saa nane usiku upepo ulikuja kutoka hasa alikosema, na sisi tulikuwa tumelala upande wa kinga.

Jedwali la shemeji lilirudi San Diego likiwa limefutwafutwa hadi halisomeki. Niliongeza safu moja, na siku hizi naiongeza kwenye kila andiko linalopita mezani kwangu: "Nani atakuwepo?" Sitaki jina la taasisi. Nataka jina la mtu, anakoishi, anakula nini mradi ukifa, na kama ameulizwa.

Tulipokuwa tukirudi kaskazini tulisimama tena Cataviña. Mzee alilitambua gari kabla halijazima. Shemeji, ambaye anakiongea Kihispania vizuri, akamuuliza anajuaje aagize mafuta kiasi gani, jangwani namna ile, bila simu ya uhakika. Mzee akagonga ubavu wa pipa kwa kidole. Kila gari linalonunua kwake likielekea kusini, alisema, analichorea mstari, maana barabara ni moja na lazima litarudi likiwa na kiu. Likirudi, anaukata.

Akamaliza kumimina, akafuta faneli, akachukua chaki mfukoni na kuukata mstari wetu. Nikahesabu iliyobaki: tisa. Nyuma yake, kivulini, mapipa mawili yalikuwa yamejaa.