Jina Lililoibwa: Mwandishi Michael Finkel na Mauaji ya Oregon

Mwezi wa Novemba 2001, jarida la gazeti la New York Times la Marekani lilichapisha makala juu ya vijana wa Mali wanaokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya kakao ya Côte d'Ivoire. Makala hayo yalimfuata kijana mmoja, aliyetajwa kwa jina. Mwandishi wake, Michael Finkel, alikuwa amefika huko kweli na kuwahoji vijana wengi. Lakini kijana aliyesomwa na watu hakuwa mtu mmoja: mambo ya wengi yalikuwa yameshonwa pamoja na kuvikwa jina la mmoja. Shirika la kutetea watoto lilipogundua kwamba picha iliyochapishwa haikuwa ya kijana huyo, mshono ukafumuka. Mwezi wa Februari 2002 wahariri waliungama kosa hadharani, naye Finkel akafukuzwa.

Msomaji wa fasihi aweza kuuliza kosa liko wapi, maana mtunzi wa riwaya hufanya hivyo kila siku. Kosa liko katika ahadi. Riwaya haimwahidi msomaji kwamba akienda kijijini atamkuta mhusika. Habari humwahidi hivyo. Tena makala ya Finkel yalitaka kuonyesha kwamba hali ya vijana wale, yaani umaskini mkali na kazi ya kuchosha, haikuelezwa barabara na neno «utumwa» lililokuwa likienea magazetini. Hoja hiyo ilistahili kujadiliwa. Shahidi wake alipoonekana kuwa wa kubuniwa, hoja nayo ilikosa wa kuiamini, na vijana waliosema kweli walipoteza pamoja na aliyewasemea.

Kabla tu ya maungamo hayo kuchapishwa, Finkel alipigiwa simu na mwandishi wa gazeti moja la Oregon. Alidhani anaulizwa juu ya aibu yake. Kumbe aliulizwa juu ya mauaji. Mnamo Desemba 2001 miili ya mwanamke na watoto wake watatu ilianza kuonekana majini katika pwani ya jimbo hilo. Mume, Christian Longo, alikuwa ametorokea Mexico, na huko alijitambulisha kwa watalii kuwa yeye ndiye Michael Finkel wa New York Times. Alikamatwa Januari 2002.

Finkel alimwandikia mfungwa huyo, naye akajibu. Zikafuata barua ndefu na mazungumzo ya simu kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Mwandishi hakuficha kwamba alitafuta njia ya kurudisha heshima yake, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Mahakamani, mwaka 2003, Longo alidai kwamba baadhi ya vifo vilisababishwa na mkewe. Baraza la wazee wa mahakama halikumwamini, akahukumiwa kifo. Mwaka 2005 Finkel alitoa kitabu, *True Story*, na mwaka 2015 kikatengenezewa filamu. Ilimchukua Longo hadi 2009 kukiri kwa Finkel kwamba aliwaua wote wanne.

Kitabu hicho kina fadhila moja kubwa. Safari hii Finkel hakushona: anaziacha kauli za Longo zipingane, na uongo wake mwenyewe anauweka mezani pamoja nazo. Mwanafunzi anayekusanya masimulizi ya wazee wa migodini, Likasi au Kolwezi, anakijua kishawishi kile cha kuunganisha wazee watano wawe mmoja anayesema vizuri; hapa ataona gharama yake. Hata hivyo kuna kasoro ambayo unyofu hauiondoi. Mume ameandika barua nyingi. Mke hana hata moja. Marehemu anajulikana zaidi kwa kalamu ya aliyemuua, na msomaji hushinda na wanaume wawili wanaojieleza. Vijana wa kakao nao wanarudi humo hasa kama sehemu ya kisa cha anguko la mwandishi.

Mwezi wa Desemba 2022 gavana wa Oregon alizibadili hukumu zote 17 za kifo katika jimbo hilo kuwa kifungo cha maisha, ya Longo ikiwa miongoni mwake. Finkel ameendelea na uandishi. Kitabu chake juu ya mwizi wa kazi za sanaa kilitoka mwaka 2023.