Kadi ya grafiksi ya kijana wako inachemka? Subiri kidogo kabla ya kununua kipozeo

Likizo ya shule ikifika, kompyuta ya kijana huwaka asubuhi na kuzimwa usiku wa manane. Mzazi aliye chumba cha pili husikia mngurumo kama wa drayeri ya saluni. Siku chache baadaye ombi linafika mezani: kadi inachemka, zinatakiwa hela za kununua kipozeo kingine kikubwa, kimeonekana mtandaoni na kila mtu anakisifia.

Baadhi ya wazazi hukataa papo hapo kwa kuwa neno lenyewe hawalijui. Wengine hutoa hela ili mjadala uishe. Makala haya ni kwa wote wawili.

Huenda unajiuliza mwandishi wa afya anatafuta nini kwenye nyaya za kompyuta. Katika nyumba nyingi kompyuta hiyo imewekwa chumba anacholala mtoto, mara nyingi pamoja na wadogo zake. Joto na kelele zinazotoka humo zinaingia moja kwa moja kwenye usingizi wao.

Kadi ya grafiksi, ambayo vijana huiita GPU, ndiyo inayochora picha tunazoziona kwenye skrini. Michezo mikubwa ya kompyuta haiendi bila hiyo, na vijana wanaohariri video au kutengeneza katuni nao wanaihitaji. Kazi hiyo inakula umeme. GeForce GTX 1060 imepangiwa wati 120, RTX 3060 wati 170, na Radeon RX 580, ambayo vijana wengi huinunua ikiwa imeshatumika, wati 185. RTX 3080 inafika wati 320. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto.

Tulipime joto hilo kwa kipimo cha nyumbani. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la takriban wati 100. Kijana anayecheza mchezo mzito kwa RX 580 ni kama amekaribisha wageni wawili chumbani kwake, wamekaa pale saa nne na dirisha limefungwa. Hapo hatujahesabu prosesa, skrini wala yeye mwenyewe.

Kipozeo kinahamisha joto tu

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Katikati ya kadi kuna chipu ndogo, si kubwa kuliko biskuti. Juu yake hukaa kipande cha shaba kinachopokea joto, mirija inayolisambaza, mabati mengi membamba ya kulitawanya, na feni za kulisukuma nje. Kipozeo cha kununua pembeni hufanya kazi hiyohiyo kwa mabati makubwa zaidi na feni kubwa zinazozunguka polepole. Ni kama kubadilisha rejeta ya gari. Injini itapoa, lakini hewa ya moto itaenda mahali fulani.

Mahali hapo ni chumbani. Kadi iliyokuwa inatoa wati 185 kabla ya kipozeo kipya itatoa wati 185 baada yake. Chipu inaweza kushuka nyuzijoto 15 au 20 na kijana akafurahi, lakini mdogo wake aliyelala kitanda cha pembeni, ndani ya chandarua kinachopunguza upepo wa pangaboi, atatoa jasho lilelile la jana.

Jambo la pili ni kwamba kipozeo cha hewa hakiwezi kuishusha kadi chini ya joto la chumba. Majaribio mengi ya mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Januari au Februari hufika nyuzi 32 kirahisi. Kadi iliyosomeka nyuzi 70 kwenye video, hapa itasoma karibu nyuzi 80 bila kuwa na tatizo lolote.

Mzazi aliyezoea kipimajoto cha homa atashtuka kusikia 80. Kwa kadi hiyo si homa. Kadi za kizazi cha GTX 1060, 1070 na 1080 zimetengenezwa hivi kwamba zikifika karibu nyuzi 83 hupunguza kasi zenyewe ili kujilinda, na kiwango cha juu kabisa kilichotajwa na mtengenezaji ni nyuzi 94. Dalili za kutia wasiwasi ni nyingine: namba inakwama kwenye kikomo muda wote, mchezo unaanza kukatakata baada ya dakika kumi, skrini inakuwa nyeusi, au kompyuta inajizima.

Kwa hiyo kabla ya hela, omba namba. Mwambie kijana aoneshe joto la kadi wakati kompyuta imetulia, na tena baada ya nusu saa ya mchezo. Zipo programu za bure za kazi hiyo, kama GPU-Z na MSI Afterburner. Kisha afungue bati la ubavuni mwa kasha la kompyuta na kurudia jaribio lilelile. Ikiwa joto limeshuka sana kasha likiwa wazi, kadi haina kosa. Kasha ndilo linalokosa hewa, na dawa yake ni feni moja au mbili za kasha, kitu cha bei nafuu kuliko kipozeo. Ni jaribio la bure, na ningelitaka lifanyike katika kila nyumba kabla ya mtu kupanda daladala kwenda Kariakoo.

Kama kasha halina kosa, angalia vumbi. Vumbi likijaa katikati ya mabati, hata kipozeo cha gharama kubwa kinageuka blanketi. Lisafishwe nje ya chumba, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kwa blowa au brashi laini, na mapanga ya feni yashikiliwe kwa kidole yasizunguke ovyo. Mwenye pumu asikae karibu. Vumbi hilo limekusanyika miezi mingi na linaweza kumwamshia shambulio.

Kinachofuata ni pesti, ule uji mzito unaopakwa kati ya chipu na shaba ili joto lipite vizuri. Ukikaa miaka hukauka. Jambo hili linawahusu sana walionunua kadi zilizotumika. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi, na kadi nyingi sana zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Ukimnunulia mtoto kadi ya namna hiyo, kubadilisha pesti kunaweza kuirudisha katika hali nzuri kwa gharama ndogo. Fundi aangalie pia vile vipande laini kama raba vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu. Akiweka vinene kupita vya awali, shaba haitaigusa chipu sawasawa na joto litapanda badala ya kushuka. Ipo pia pesti ya metali ya majimaji, ambayo vijana huitamani kwa sababu ya video. Ina madini ya galiamu, inapitisha umeme na inaila aluminiamu. Kwa kadi ya nyumbani ningeikataa kabisa.

Punguza joto lenyewe

Kati ya hatua zote, moja tu inapunguza joto linaloingia chumbani, nayo haina gharama. Kwenye programu kama MSI Afterburner kuna mstari wa kikomo cha umeme. Ukiushusha hadi asilimia 75 au 80, kwenye kadi nyingi kasi hupungua kidogo tu huku wati zikipungua kwa kiasi cha kuonekana. Kadi ya wati 185 ikikaa kwenye 145, umemtoa karibu nusu ya mgeni mmoja chumbani.

Kuna na ukomo wa picha kwa sekunde. Kama skrini ya kijana inaonesha picha 60 kwa sekunde, hakuna maana kadi ichore 140 ambazo hazitaonekana. Mchezo mwingi wa siku hizi una sehemu ya kuweka ukomo huo kwenye mipangilio yake. Baadhi ya vijana hawapendi kuambiwa hivi, kwani namba kubwa ndiyo sifa mbele ya wenzao. Hapo mzazi ana haki ya kusimama imara, hasa kama luku anainunua yeye.

Baada ya yote hayo, kipozeo kikubwa bado kinaweza kuwa na kazi. Kazi hiyo ni kelele.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku ili usingizi usivurugike. Feni ndogo za kadi zikizunguka kwa kasi ya juu hupita hapo kwa mbali. Mwenye kompyuta anavaa hedifoni na hasikii kitu. Anayepata tabu ni aliyelala. Feni pana ya milimita 120 inasukuma hewa ileile ikizunguka polepole, na mlio wake ni mzito na wa chini, rahisi kuuzoea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu nzuri ya kutoa hela. Nunua kwa ajili ya masikio ya waliolala, ukijua kwamba chumba hakitapoa.

Wengi wakisikia kipozeo hudhani kinauzwa kama tairi, saizi ikifanana kinaingia. Sivyo. Kila aina ya kadi ina matundu yake ya skrubu kuzunguka chipu, na umbali kati ya matundu hayo lazima ulingane na wa kipozeo. Watengenezaji hutoa orodha ya kadi zinazokubali. Vipozeo maarufu vya hewa kama Arctic Accelero na Raijintek Morpheus vilitengenezwa zaidi kwa ajili ya kadi za miaka iliyopita, kwa hiyo mwenye kadi mpya anaweza kukosa kabisa kinachomfaa. Jina la kadi likiwa halimo kwenye orodha, usikubali maneno ya muuzaji kwamba kitalazimishwa.

Pima na nafasi ndani ya kasha. Vipozeo hivi ni vinene, huziba nafasi za kadi nyingine zilizo chini yake, na ni vizito kiasi cha kuifanya kadi iiname, hivyo huhitaji mhimili wa kuishikilia. Morpheus huuzwa bila feni, zinanunuliwa kando. Chipu za kumbukumbu na zile za kudhibiti umeme nazo zinahitaji vibati vyao. Fundi akipoza chipu kubwa na kuziacha hizo wazi, namba kwenye skrini itapendeza huku kadi ikielekea kufa. Tena kipozeo cha namna hii humwaga hewa yote ya moto ndani ya kasha, wakati baadhi ya kadi huja na feni inayoitoa moja kwa moja nyuma. Kasha lisilo na feni za kutolea hewa litaanza kuichemsha na prosesa.

Vipo vya maji pia. Kuna mabano kama NZXT Kraken G12 yanayoruhusu kifaa cha kupoza prosesa kwa maji kufungwa kwenye kadi. Chipu hupoa sana. Lakini kuna pampu inayoweza kufa, mpira unaoweza kuvuja, na vibati vya kumbukumbu ni juu yako. Nyumba yenye watoto wadogo wanaoshika kila kitu, mimi nisingeanza na maji.

Njia ya katikati ambayo vijana wenye mikono mizuri huipenda ni kuacha mabati ya kadi yalivyo, kutoa gamba la plastiki na feni zake ndogo, kisha kufunga feni mbili za milimita 120 mahali pake. Gharama ni feni tu, na tatizo la matundu halipo kwa sababu shaba haijaguswa. Nyaya zifungwe vizuri zisiingie kwenye mapanga. Ujue pia kwamba kuifungua kadi kunaweza kufuta garantii, kwa hiyo kadi ambayo bado ina garantii irudishwe dukani kwanza.

Mabati ya kipozeo hukata vidole kama kopo la maziwa, na spiriti ya kufutia pesti hushika moto haraka, basi kazi ifanyike mezani, penye hewa, mbali na jiko. Pawa saplai isifunguliwe na mtu yeyote nyumbani, kwa kuwa ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Mwisho, linganisha bei ya kipozeo na ya kadi yenyewe. Kipozeo kikubwa kikiagizwa kutoka nje na kusafirishwa kinaweza kukaribia thamani ya RX 580 iliyotumika. RTX 4060 ina wati 115 tu na inaizidi RX 580 kwa kasi. Kijana akiuza ya zamani, nawe ukaongeza ile hela ya kipozeo pamoja na akiba yake, ataukaribia ununuzi unaopunguza joto na kelele kwa pamoja. Mkiwa bado mnakusanya, meza ya kompyuta ihamie sebuleni, karibu na dirisha.