MIFUGO IKITUPA MIMBA, TOA TAARIFA KABLA YA KUSHIKA KISU

Mvua kubwa zinaponyesha na maji kutanda katika Bonde la Kilombero, wananchi wa Kidatu na kata jirani hujihadhari na malaria pamoja na magonjwa ya kuhara. Upo ugonjwa mwingine unaofuata mafuriko ambao hutajwa kwa nadra: Homa ya Bonde la Ufa.

Virusi vyake vilitambuliwa nchini Kenya mwaka 1931. Hapa Tanzania, mlipuko wa mwaka 2007 ulikumba mikoa kadhaa, ukiwemo Morogoro, na watu zaidi ya 100 walifariki dunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulibaini kingamwili za virusi hivyo katika mifugo ya Bonde la Kilombero iliyozaliwa baada ya mlipuko huo. Maana yake ni kwamba virusi viliendelea kuzunguka kimyakimya miongoni mwetu.

Unavyoenea

Mayai ya mbu aina ya Aedes yanaweza kubeba virusi na kustahimili ukame kwa miaka. Mafuriko yanapofika huanguliwa, na mbu hao huambukiza ng'ombe, mbuzi na kondoo. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu au majimaji ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna au kuzalisha. Anaweza pia kuambukizwa kwa kuumwa na mbu au kunywa maziwa mabichi. Haijathibitika kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake. Hivyo mgonjwa asitengwe.

Dalili na matibabu

Mifugo ndiyo hutoa ishara ya kwanza: wanyama wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja, na ndama na wana-kondoo hufa kwa wingi. Kwa binadamu, dalili huanza siku 2 hadi 6 baada ya maambukizi: homa ya ghafla, maumivu ya kichwa, misuli na viungo. Wengi hupona. Wachache hupata madhara ya macho, ubongo au kutokwa na damu, na takriban nusu ya wanaotokwa na damu hufariki.

Dalili za awali hufanana na za malaria. Kwa hiyo, ukifika zahanati, mweleze mhudumu iwapo ulichinja, ulizalisha mnyama au uligusa mzoga. Hakuna dawa mahususi. Mgonjwa hutibiwa kulingana na dalili, na kuwahi huokoa maisha.

Kinga

Tunatambua kwamba mfugaji anayeona ng'ombe wake akidhoofika hutamani kumchinja ili asipate hasara yote. Kisu hicho ndicho kinachoweza kuingiza ugonjwa nyumbani. Tunawasihi wananchi:

- Msichinje wala kula mnyama mgonjwa au mzoga.
- Msiguse kwa mikono mitupu kitoto kilichotupwa. Vaeni glovu na kukifukia kwa kina.
- Chemsheni maziwa na kupika nyama hadi iive.
- Lalieni vyandarua, na vaeni nguo ndefu machungani.
- Chanjeni mifugo kabla ya mlipuko, kwa kumtumia mtaalamu. Sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi wakati wa mlipuko husambaza virusi.

Mifugo ikitupa mimba, mjulisheni Afisa Mifugo wa Kata au Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo. Kwa afya ya binadamu, pigeni namba 199 bila malipo. Taarifa ya mfugaji mmoja yaweza kuikinga kata nzima.