Je, Wajua? Saa Mbili Zilizopotea New Hampshire

Je, wajua kuwa visa vya watu kutekwa na viumbe wa anga za mbali, vile vya kulazwa juu ya meza na kukaguliwa na wenye macho makubwa, vina wazazi wanaojulikana? Ni Barney na Betty Hill wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire, Marekani. Barney, mtu mweusi, alifanya kazi posta mjini Boston. Betty, mzungu, alikuwa ofisa ustawi wa jamii. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 1961, walikuwa wakirudi nyumbani kutoka likizo Kanada, wao wawili na mbwa wao, Delsey.

Je, wajua kuwa chombo walichosimulia kilianza kama nukta ya mwanga tu? Waliiona mnamo saa nne na nusu usiku, ikawaandama milimani kona baada ya kona. Karibu na Indian Head Barney alisimamisha gari, akashuka na darubini. Akaona madirisha, na nyuma ya madirisha, watu. Alirudi garini mbio akipiga kelele kwamba watakamatwa.

Je, wajua kuwa usiku huo Mshtarii na Zohali zilikuwa angani, jirani na mwezi? Wanaotia shaka wameing'ang'ania hoja hiyo: huenda mwanga ule ulikuwa mmojawapo wa hizo. Na kweli, mtoto yeyote aliyewahi kupanda basi usiku anajua jinsi mwezi unavyomsindikiza hadi nyumbani. Lakini mwezi hauna madirisha, na Barney hakuwa mtoto.

Je, wajua kuwa akina Hill hawakugundua wenyewe kwamba wamepoteza muda? Walifika nyumbani alfajiri, wakalala. Wiki kadhaa baadaye wachunguzi waliowatembelea ndio waliowauliza: mbona safari ile iliwachukua muda mrefu hivyo? Hesabu ikapigwa, zikakosekana kama saa mbili.

Jeshi la anga la Marekani lilifungua jalada, likaishia kuandika kuwa taarifa hazitoshi.

Je, wajua kuwa mambo ya kutekwa yalianzia ndotoni? Siku kama kumi baada ya safari, Betty aliota mfululizo usiku baada ya usiku: wanapandishwa chomboni, anachomwa sindano kitovuni. Akaziandika ndoto hizo. Na humo, ajabu, watekaji wana nywele nyeusi na pua kubwa kama ya mchekeshaji Jimmy Durante! Wale wenye vipara na pua zisizoonekana, tuliowazoea kwenye sinema, walikuwa hawajafika bado.

Je, wajua walifika vipi? Mwaka 1964 wanandoa hao walikwenda kwa Benjamin Simon, daktari wa magonjwa ya akili mjini Boston, akawatia katika usingizi wa hipnosi, kila mmoja peke yake. Februari 22 Barney akasimulia macho yaliyozunguka hadi pembeni mwa kichwa. Mwaka 1990 mwandishi Martin Kottmeyer alionyesha kuwa siku 12 tu kabla ya hapo, televisheni ilirusha kipindi cha The Outer Limits chenye kiumbe wa macho ya namna hiyo. Hakuna aliyethibitisha kuwa Barney alikitazama.

Mimi hunigusa zaidi sehemu nyingine ya simulizi la Barney. Nyuma ya dirisha, alisema, mmoja alimkumbusha Mwairishi mwenye nywele nyekundu, na mwingine akamwona kama Mnazi wa Kijerumani. Mapema usiku huohuo, kwenye mgahawa wa Colebrook, alikuwa amekaa akiwachunguza wateja, akihofia chuki kwa sababu ya rangi yake. Mtu mweusi aliyeoa mzungu, Marekani ya 1961, usiku wa manane katika barabara tupu: hofu yake haikuhitaji kushuka kutoka angani.

Dokta Simon aliamini kuwa hawakuwa waongo. Aliamini pia kuwa hawakutekwa: Barney, kwa maoni yake, alizimeza ndoto za mkewe kwa kuzisikia. Hipnosi huleta picha, nayo haitenganishi jambo lililotokea na jambo lililohofiwa.

Je, wajua kuhusu meno? Betty alisimulia kuwa viumbe wale walistaajabu: meno ya Barney yanatoka, ya kwake yamegoma. Barney alivaa meno bandia. Wanavuka anga, wanashindwa na meno!

Je, wajua kuwa James Earl Jones, mwenye ile sauti nzito ya Darth Vader, aliigiza kama Barney katika filamu ya kisa hiki? Filamu hiyo ilionyeshwa Oktoba 20, 1975. Novemba 5 mwaka huohuo Travis Walton, mkata miti wa Arizona, akatoweka kwa siku tano, akarudi na kisa chake cha kutekwa. Wapinzani wake hawajaacha kuzihesabu siku 16 kati ya filamu na kutoweka huko.

Je, wajua kuwa wengi waliofuata walitekwa wakiwa kitandani? Wanasaikolojia Richard McNally na Susan Clancy wa Harvard walichunguza simulizi za aina hiyo wakakuta hali ya mtu kuamka huku mwili umekataa kusogea. Kwetu hilo lina jina: kukabwa na jinamizi.

Barney alifariki 1969, Betty 2004. Gauni alilovaa usiku ule, lililochanika bitana, linahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha New Hampshire pamoja na karatasi zao.